Maji ya Kutazamia Ndovu

Nilifutwa kazi kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe ni maji. Mkubwa wangu alitaka niandike ukame. Nilipokataa aliniambia nikusanye vitu vyangu. Siku hizi nina kazi nyingine, lakini nikikumbuka kalamu yake nyekundu ikipita juu ya lile neno, bado nakaza meno hadi taya zinauma.

Kazi ilikuwa kupima miti. Nilipoipata, watu wa nyumbani walicheka. Sisi tunatoka Kanyakine, upande wa juu, kwenye kahawa na migomba, na kwetu mti ni kitu cha kupunguzwa matawi usizibe jua. Mama aliniuliza, "Umesoma miaka yote hiyo ili uende kuhesabu miiba?" Baba aliendelea kuchambua kahawa yake, akitupa mbovu pembeni.

Hifadhi niliyoajiriwa ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, huko chini ambako Wameru na Watharaka na Wambeere wanapakana. Sisi wa juu tunapajua kwa kupasikia tu, kwamba kuna joto na nyoka na watu wanaokula mtama. Nilifika mwisho wa kiangazi. Miti yote ilikuwa imepukutisha majani, na nilidhani nimeletwa kupima kuni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Kimbeere ambaye ujana wake wote alikuwa mrina asali. Shule aliiacha darasa la nne. Aliniita mwari, yaani binti, nami nikamwita mzee, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hatukuhitaji kuitana vingine. Tulikuwa na viwanja vyetu vya kupimia kwenye mteremko, kila kimoja kimewekewa mawe yaliyopakwa chokaa kwenye pembe, na kila mti ndani yake una kibati chenye namba kilichopigiliwa msumari. Mara mbili kwa mwaka, mvua zikiisha na kiangazi kikikaribia mwisho, tulipita mti kwa mti. Yeye alishika utepe, mimi nikashika daftari. Tulipima urefu na unene, tukaandika matawi mangapi yamevunjwa na ganda limebanduliwa kiasi gani.

Siku ya pili tulifika kwenye mgunga uliovunjwa katikati, sehemu ya juu imelala chini.

"Huu umeuawa," nilisema, nikaanza kuandika.

"Nani amekuambia?" Mzee alichuchumaa. "Hebu chungulia."

Nilichungulia. Chini ya lile tawi lenye miiba kulikuwa na nyasi ndefu, za kijani kidogo, wakati pande zote zilizobaki zilikuwa zimeliwa hadi kwenye mizizi. Swala hawakuweza kupitisha pua. Na kwenye shina, pale chini ya mvunjiko, machipukizi yalikuwa yameanza kutoka, manene kama kidole.

"Ndovu anakula kama mtu aliye safarini," mzee alisema. "Anavunja, anaonja, anaenda. Mti unapumua. Kesho swala anakula yale ambayo asingeyafikia. Usiandike umekufa. Andika umevunjwa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Nilijifunza kutofautisha jeraha la panga na la pembe ya ndovu. Nilijifunza kwamba ganda lililovuliwa na ndovu linaning'inia kama kitambaa, na lililotafunwa na nungu linaishia kwenye magoti ya mtu. Nilijifunza pia kwamba mgunga ukivuliwa ganda upande mmoja unaishi, lakini ukizungushwa pande zote, hata kama una majani leo, umeshakwisha.

Kitu kikubwa zaidi nilikielewa baada ya misimu michache, na kilikuwa rahisi kiasi kwamba niliona aibu kwa kuchelewa. Mteremko wetu haukuwa na maji. Mvua zikinyesha, ndovu walitawanyika mbali, kwenye tambarare, ambako madimbwi yalijaa. Madimbwi yakikauka walirudi mtoni. Mteremko wa katikati waliupita tu, siku mbili tatu, kwenda na kurudi. Ukavu ndio uliokuwa ukiulinda. Ile migunga na mibuyu na vichaka vya mbambara vilisimama pale kwa sababu hakuna mnyama mwenye kiu angeweza kukaa.

Miongoni mwa ndovu waliopita kulikuwa na jike mkubwa ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika hadi katikati. Tulimwona kila mwaka, mbele ya wenzake, akiwaongoza kwa njia ileile. Alipenda kusimama kwenye kiwanja chetu cha tatu, kuvunja tawi moja, na kulitafuna huku akitutazama. Mzee alikuwa akimsalimia kwa Kimbeere. Mimi nilikuwa nikisimama nyuma ya gari.

Kisha ikajengwa kambi ya wageni, juu ya kilima, mbele ya viwanja vyetu. Ilikuwa na vyumba vya mawe na makuti, na baraza refu linalotazama mteremko. Asubuhi moja mkubwa alikuja hapo tulipokuwa tukipima, viatu vyake vikiwa bado vipya, akanyoosha mkono.

"Pale," alisema. "Tutachimba kisima, tuweke pampu ya jua, na chini yake dimbwi la saruji. Wageni wanatoka mbali, wanakaa siku tatu, na wengine wanaondoka bila kuona ndovu. Sasa ndovu watakuja mlangoni."

Mzee alikohoa kidogo. "Bwana mkubwa, ndovu akipata maji hapa hataondoka."

"Si ndiyo maana yenyewe, mzee!"

Mkubwa alicheka. Na mimi nikacheka pia. Hilo ndilo siwezi kujisamehe. Nilikuwa na daftari mkononi lenye kila kitu kilichohitajika kumwambia hapana, na nilicheka kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unakaribia kusainiwa upya na kwa sababu yeye alikuwa amecheka kwanza. Mzee aliniangalia mara moja tu, akaendelea kukunja utepe.

Usiku na mchana maji yakawapo. Kiangazi cha kwanza ndovu walikuja na kukaa wiki tano. Kiangazi cha pili hawakuondoka kabisa. Mvua zilinyesha, tambarare zikawa kijani hadi macho yanachoka, na nusu yao walibaki palepale karibu na dimbwi, kama watu wanaokunywa chai mezani na hawaoni sababu ya kunyanyuka.

Nataka nieleweke. Simlaumu ndovu. Ndovu ana tumbo kama ghala, anakula mchana na usiku, na mahali palipo na maji ya uhakika ndipo akina mama wenye ndama watakapokaa. Ninachosema ni kwamba niliona kwa macho yangu jinsi nchi inavyoliwa bila kupewa nafasi ya kumeza mate.

Nyasi zilitangulia. Kuzunguka dimbwi paliota duara la vumbi, na kila tulipopima lilikuwa limepanuka. Kisha matawi ya chini. Halafu wakaanza kuvua maganda, wakakanyagia mguu kwenye shina na kuvuta kipande kirefu hadi juu, krrr, sauti kama ya mtu anayechana shuka. Migunga iliyovunjwa ilichipua, kama mzee alivyonifundisha, lakini machipukizi yaliliwa kabla hayajawa marefu kama kalamu. Yakachipua tena, yakaliwa tena. Tulikuwa na mti wenye shina nene kuliko paja langu ambao urefu wake uliishia kiunoni. Mbambara ulitoweka kimyakimya, kwa sababu mbao zake ni laini na ndovu mmoja anaung'oa mzima kama mhogo.

Mbuyu mkubwa wa kiwanja cha tatu waliuchimba. Nyama ya mbuyu ina maji, hata wakati wa jua kali, na ndovu wanaijua. Walitoboa upande mmoja, kisha wa pili, hadi siku moja niliposimama upande huu nikamwona mzee upande ule kupitia kwenye tundu. Ulianguka saa tano asubuhi, siku isiyo na upepo hata kidogo. Hakukuwa na kishindo kama nilivyotarajia. Ulikaa chini, kama mtu mzito aliyechoka. Wageni kule barazani walipiga makofi. Nilisikia makofi. Kwa siku kadhaa ndovu walikula ule mwili, na mwishoni palibaki nyuzi tu, zimetandazwa ardhini kama mkeka uliooza.

Nilimwandikia mkubwa barua. Nilimwandikia nyingine. Alinijibu kwa mdomo, akipita. "Hii ni asili, madam. Asili ina njia zake."

Miti ya ndani ilipopungua, ndovu walianza kutoka nje.

Nyumba ya mzee ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwenye mpaka wa hifadhi. Mkewe ndiye aliyekuwa na mkono wa kulima. Alikuwa na ndengu na mtama, na kando ya shamba alikuwa amepanda mstari wa mikau, ule mti wa mbao ambao huko Umbeere mtu hupandia watoto wake milango na vitanda. Kwenye matawi yake mzee alitundika mizinga. Mara nyingi nilikula pale. Mama huyo alinipa uji wa mtama na kunisema kwamba watu wa juu tumezoea kula vitu vyepesi, ndiyo maana tunachoka haraka.

Asubuhi moja, kabla jua halijapanda, lile jike lenye sikio lililochanika lilivunja uzio na kuingia na wenzake watatu. Ndengu hawakuzigusa sana. Walikwenda moja kwa moja kwenye mikau. Waliivua maganda yote, mti baada ya mti, wakaangusha ile waliyoweza, na mizinga ikapasuka chini ya miguu yao. Mama alitoka na sufuria na mwiko, akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Jirani alipojaribu kuwafukuza kwa moto, jike lilimgeukia. Alianguka, akavunjika mguu, na kama wengine wasingepiga mabati kwa pamoja angekufa.

Mkubwa alipopata habari hakuja. Alipiga simu akaomba "ndovu msumbufu" aondolewe. Hilo ndilo neno alilotumia, msumbufu. Askari wa wanyama walifika mchana, wakalikuta jike limerudi kwenye mabaki ya mikau, peke yake, likitafuna. Walipiga risasi mbili.

Mimi na mzee tulifika likiwa limelala kwa ubavu. Watu wengi walikuwa wamesimama mbali. Mzee alivua kofia, akapiga magoti kwenye kile kichwa, akaufungua mdomo kwa mikono yote miwili. Akavuta. Kulitoka ganda la mukau, kipande kirefu chenye unyevu, halafu vipande vya mizizi, halafu kitu ambacho sikukitambua mpaka alipokikwangua kwa kucha. Kilikuwa kipande cha mti mkavu. Kigogo kilichokufa. Lilikuwa likila kuni.

"Mwari," mzee alisema bila kunigeukia, "andika."

Sikuwa na daftari. Niliandika nyuma ya mkono.

Ripoti ya mwaka ule niliiandika kwa wiki mbili. Sikuweka maneno makali. Niliweka kiwanja kwa kiwanja, kilicho karibu na dimbwi na kilicho mbali, na yeyote anayejua kusoma angeona. Mwishoni niliandika sentensi moja: miti imekufa kwa sababu maji ya kudumu yamewafanya ndovu wasiondoke.

Mkutano ulifanyika mahali paitwapo Makutano, kwenye ukumbi wa hoteli ghorofani, madirisha yakiwa wazi na honi za malori zikiingia. Walikuja watu waliokuwa wakiisaidia hifadhi, na majirani wachache walioalikwa. Kabla hatujaanza, mkubwa aliniita kwenye ngazi akanipa nakala yangu. Ile sentensi ilikuwa imepigwa mstari mwekundu, na juu yake ameandika: ukame.

"Badilisha hapo tu," alisema. "Zingine ni nzuri sana."

"Siyo ukame."

"Ukame haumlaumu mtu yeyote. Kila mtu anaelewa ukame."

"Ukame ulikuwapo kabla yako na kabla yangu," nilisema, "na miti ilikuwapo."

"Wewe ni mtu wa miti. Haya mengine niachie mimi."

Niliingia ukumbini. Yeye ndiye aliyesoma muhtasari, na alipofika hapo alisoma ukame, kwa sauti tulivu, akageuza ukurasa. Nilisimama. Sikuomba ruhusa. Nilisema kilichosomwa sicho nilichoandika. Nilisema hatukuwa na tatizo la ndovu, tulikuwa na tatizo la baraza. Nilisema yule jike tulimfungia kwenye mteremko kwa maji kama mtu anavyomfunga mbuzi kwa kamba, akamaliza kila kitu kilichofikiwa na kamba, na alipoikata kamba tukamuua na kumwita msumbufu. Nilisema kwa sauti ya juu mno. Najua, kwa sababu kule chini mtu mmoja alisimamisha mkokoteni wake akatazama juu.

Mkubwa alitabasamu kwa wageni wake. "Dada yetu ana uchungu na wanyama," alisema.

Mama mmoja aliyekuwa mbele aliuliza kama kuna mwingine aliyefanya kazi hiyo. Mzee alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Aliinuka polepole.

"Mimi sikusoma," alisema. "Lakini yule ndovu nilimfungua mdomo. Alikuwa anakula kuni."

Akaketi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walikwenda kula chakula cha mchana, na kabla hawajamaliza mimi nilikuwa nimeshaambiwa nikusanye vitu vyangu. Mzee walimbakiza kwa sababu hakuna mwingine aliyezijua njia.

Sasa nafundisha biolojia kwenye shule moja ya Kaaga. Wanafunzi wangu ni watoto wa juu, kama nilivyokuwa mimi, na wanapoandika kwenye mtihani kwamba ndovu ni mharibifu wa mazingira, ninawarudishia karatasi waandike upya. Wananiogopa kidogo.

Dimbwi lilifungwa. Ningependa kusema ni kwa ajili ya ripoti yangu, au ya mzee, au ya yule aliyevunjika mguu ambaye mpaka leo anatembea na fimbo. Halikufungwa kwa hayo. Wageni walilalamika. Walisema mandhari ni mabaya, ni vumbi tupu na visiki, hawakutoka kwao kuja kutazama uwanja. Basi pampu ikang'olewa, kambi ikahamishiwa karibu na mto, na pale langoni pakawekwa bango zuri linalosema wameamua kulinda uoto wa asili. Mkubwa nilikutana naye mwaka jana, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Meru. Alinisalimia kwa mikono miwili. "Umesikia miti inarudi?" aliniuliza. "Nilikuambia, asili ina njia zake." Niliacha nilichokuwa nanunua juu ya kaunta nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa nimeshika nyundo.

Likizo iliyofuata niliteremka kwenda kuona. Alikuwa amesema kweli kidogo, na hilo liliniudhi zaidi. Ndovu wamerudia njia zao. Kwenye mavi yao ya zamani migunga michanga imeota, kwa makundi, mingine imenifika kifuani. Mzee, ambaye sasa amestaafu, alinipitisha kwenye viwanja, na mawe yetu bado yapo ingawa chokaa imekwisha. Mbambara hatukuuona hata mmoja. Mbuyu mchanga tulitafuta mpaka jua likatuzidi nguvu, tukaacha. Sehemu lilipokuwa dimbwi bado ni ngumu kama sakafu, na maji ya mvua yanapita juu yake bila kuingia.

Mkewe tulimkuta ameketi kivulini, na beseni la kokwa za mikau mbele yake. Alikuwa anaanza kupanda mstari mzima upya. Kokwa ya mukau ni ngumu kama mfupa, na mbegu iliyo ndani ni laini. Usipoivunja haioti, na ukiivunja vibaya imekufa. Nilivuta kigoda nikaomba kisu. Ya kwanza niliiponda. Ya pili pia.

"Polepole," mama alisema. "Una haraka ya nini?"

"Sina haraka, mama. Nina hasira."

"Najua," alisema. "Hata mimi. Kamata kisu hivi."